Mwenye Kilele cha Litimbe

Mbamba Bay
5 Agosti 2024

Mama Emerensiana,

Shikamoo. Ni mimi Ambokile, yule mpima ardhi uliyemwokota kwenye ukungu mlimani Litimbe mwezi uliopita, akitetemeka kama kifaranga kilicholowa. Naandika kwa mkono kwa sababu uliniambia simu yako inashika mtandao mbele ya kanisa tu, na hutaki kusimama pale ukipiga kelele kama mnadi wa mitumba. Barua anakuletea Kilian, konda wa kosta, pamoja na koti la marehemu mzee Egidi ulilonivika siku ile. Nimelifua na kulipiga pasi. Kifungo kilichokuwa kinaning'inia nimekishona mwenyewe, hivyo ukiona kimekaa upande, usimlaumu fundi yeyote.

Mama, nakushukuru. Nilikuwa nimezunguka kule juu zaidi ya saa tatu, kila nikishuka najikuta nimerudi kwenye jiwe lilelile. Nilishaanza kusali sala ambazo sikuzisali tangu nipate kipaimara. Ndipo nikasikia mtu anakohoa chini yangu, kumbe ni wewe na mzigo wako wa nyasi kichwani. Hukuniuliza jina wala kabila. Ulisema tu, "Shuka nyuma yangu, ukanyage ninapokanyaga, usije ukaanguka kwenye ngoro zangu." Yale mashimo ya kilimo chenu, nyasi chini, udongo juu, sikuwahi kuyapita kwa miguu inayotetemeka namna ile. Kisha ugali, maharage, na kahawa ya kwako mwenyewe. Kwetu Tukuyu tunajisifu sana kwa ukarimu, lakini usiku ule nilikaa kimya.

Sasa na mimi nina zawadi. Kwa miaka minne tangu nihamishiwe huku, kila mwisho wa juma napanda mlima. Nimetengeneza orodha ya vilele kumi na viwili vya Mbinga na Nyasa vinavyofaa kupandwa, na nakala yako hii hapa. Utaona safu tano: jina, urefu, saa za kupanda, njia, na mwenye kilele, ili mgeni ajue kama kuna mtu wa kumwomba ruhusa. Kwa bahati nzuri safu hiyo ya mwisho imekuwa rahisi, vyote kumi na viwili nimeandika "Hakuna". Litimbe ni namba nne. Chini yake nimeweka: "Mpandaji akipotea, amuulizie Mama Emerensiana." Orodha imebandikwa kwenye nyumba za wageni kadhaa, na wiki hii itaoneshwa kwenye Nane Nane. Mkuu wangu kazini ameisifu mbele ya watu.

Ubarikiwe sana.

Mwanao,
Ambokile Mwaipaja


Matiri
18 Agosti 2024

Mwanangu Ambokile,

Marahaba. Koti limefika. Kifungo umekishona kwa uzi mweupe kwenye koti la kahawia, lakini kimeshika, na leo nimekwenda nalo Misa. Wifi yangu Otilia aliniuliza nimepata mchumba wapi. Nilimwambia nimempata ukunguni. Asante, mwanangu. Watu wengi wamekula kwangu na kuondoka, aliyerudisha koti na barua ni wewe peke yako.

Hapa sasa kaa vizuri, nikueleze jambo. Orodha yako nimeisoma mara tatu nikiwa na miwani, na mara moja bila miwani, nikitumaini itabadilika. Mwenye kilele cha Litimbe, hakuna. Ambokile, usiku ule ulikula maharage ya nani?

Wewe ni mpima ardhi, lakini si wa huku, kwa hiyo nakufundisha bila hasira, au kwa hasira kidogo. Umatengoni mlima haukatwi vipande kama mkate. Kutoka kijito hiki hadi kijito kile, kutoka bondeni hadi kileleni, ni ntambo mmoja, na ntambo una ukoo wake. Huu ni wa akina Hyera, ukoo wa mume wangu. Chini tunalima ngoro, mahindi na maharage. Katikati ni nyumba na kahawa. Juu panaachwa. Panaachwa makusudi, mwanangu. Miti ile ndiyo inayoshika ukungu uliokupoteza na kutupa maji ya kijito, na nyasi za kule ndizo nilizokuwa nimebeba ulipokuwa unasali. Wewe hukuona jembe, ukasema hapana mtu. Ni sawa na kukuta ghala limefungwa ukasema halina mwenyewe.

Yote hayo ningekusamehe kwa kicheko. Lakini karatasi yako imefika kijijini, na kuna kampuni ya kambi za watalii inayotaka kilele chote. Itakata miti ijenge vibanda na barabara. Mkutano wa kijiji wa kuamua ni Jumamosi tarehe 14 Septemba. Walioshabikia jambo hili walikuwa hawana hoja, sasa wanayo. Wanasema mtaalamu wa vipimo ameandika mwenyewe kwamba hakuna mwenyewe, nani tena abishe? Kijito kikikauka kahawa yangu itakufa, miche mia sita niliyoipanda na Egidi kwa mikono yetu. Nina miaka sitini na saba. Sina mlima mwingine.

Andika kwa mkono wako kwamba ulikosea, weka sahihi, ulete kabla ya mkutano. Sikuombi kingine.

Mama yako,
Emerensiana


Mbamba Bay
26 Agosti 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imenisikitisha na kunifundisha mengi, na ninashukuru kwa uvumilivu wako. Ninakutumia kwa Kilian kilo mbili za dagaa wakavu, usipa wa hapa ziwani, najua watu wa milimani huwapata kwa bei ya kuumiza.

Kuhusu orodha, naomba unielewe. Nilipokuwa juu niliona pori tupu, sikuona mpaka, kibao wala mfereji. Hata hivyo nakubali kwamba suala la wamiliki linahitaji utafiti zaidi. Toleo la pili litachapwa mwezi Januari, na nakuahidi humo tutaliangalia upya kwa mapana yake. Kwa sasa nakala zimeshasambaa, na orodha ilipata cheti kule Nane Nane, hivyo kuibadilisha ghafla kunaweza kuleta mkanganyiko. Sidhani pia kama kijiji kitaamua jambo zito namna hiyo kwa karatasi ya wapanda milima.

Nakuombea afya njema.

Mwanao,
Ambokile


Matiri
30 Agosti 2024

Ambokile,

Usipa ni wazuri, nimewakaanga na nyanya. Asante.

Barua yako nimempa Otilia aisome, nikamuuliza inasema nini. Akasoma yote, akasema, "Inasema Januari." Januari miti ya Litimbe itakuwa imeshakuwa mkaa, na wewe utakuwa unaangalia mambo kwa mapana yake.

Ulipokuwa unatetemeka sikukwambia nitalifanyia utafiti.

Nakupenda bado, ndiyo maana nakuambia.

Emerensiana


Mwalimu Mstaafu F. Hyera
S.L.P. ya Parokia, Matiri
4 Septemba 2024

Ndugu Ambokile Mwaipaja,
Mbamba Bay.

YAH: SHUKRANI KWA ORODHA YA VILELE

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mdogo wa marehemu Egidi Hyera na ndiye mwanaume mkubwa aliyebaki katika ukoo wetu. Kwa niaba ya wapenda maendeleo wa kijiji hiki, nachukua nafasi hii kukushukuru kwa dhati. Kwa miaka mingi kilele cha Litimbe kimekaa bure kwa sababu ya mazoea ya kale. Orodha yako imetufungua macho. Mimi ndiye niliyeipeleka kwa mwenyekiti wa kijiji na ndiye ninayewasiliana na kampuni.

Nimepata habari kwamba shemeji yangu Emerensiana anakuandikia. Ni mwanamke mchapakazi na sina ugomvi naye. Lakini ujue kwamba yeye si mtu wa huku. Ni Mnyasa wa Mbaha, kule ziwani, ameolewa tu. Hakuzaa mtoto wa kiume, na binti yake ameolewa Songea. Kwa mila zetu hana sauti juu ya ntambo. Anakaa pale kwa hisani yetu, na kampuni ikihitaji eneo la nyumba kwa ajili ya njia, tutamtafutia chumba karibu na kanisa, mahali panapomfaa mtu mzima.

Ninaomba uthibitishe maandishi yako kwa barua yenye sahihi kabla ya tarehe 14. Kambi ikifunguliwa, utakuwa mgeni wetu wa kwanza kulala kileleni.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fulgence Hyera


Mbamba Bay
8 Septemba 2024

Mama,

Shikamoo. Tangu nipate barua ya shemeji yako Fulgence sijalala vizuri. Nakuambatishia uisome. Ananishukuru, Mama, kwa heshima zote, na kila asante yake imenichoma kuliko maneno yako makali. Wewe ulinipa chakula na koti, mimi nimempa yeye karatasi ya kukutoa nyumbani kwako.

Nitasema ukweli ambao sikuusema kwenye barua ya usipa. Niliogopa. Mkuu wangu aliisifu orodha ile, nikapewa cheti, nikapigwa picha nimekishika. Nimemtumia mama yangu picha hiyo Tukuyu, ameionesha kanisa zima. Nikafikiri, nikisema namba nne ni uongo, watu watauliza namba tano. Na kweli wangeuliza, kwa sababu hakuna kilele hata kimoja nilichomuuliza mtu. Nilipima urefu wa milima kumi na miwili kwa kifaa, hadi mita, lakini kwenye ile safu ya mwisho niliandika nilivyojisikia. Mpima ardhi mzima. Ninaona aibu kuandika hivi, lakini ningeona aibu zaidi kutoandika.

Nimeshamweleza mkuu wangu. Alikunja uso, akasema nianze kubandua nakala zilizo Mbamba Bay kabla hajabadili mawazo. Mwenzangu wa kupanda milima, mwalimu Wilfred, anabandua za Mbinga.

Barua ya kukiri kosa hii hapa, ina sahihi yangu, na nimepeleka nakala kwa mwenyekiti wa kijiji chenu. Lakini barua haitoshi. Nitakuja mwenyewe Jumamosi.

Jambo moja tu nakuuliza, kwa adabu. Kwa nini hukuniambia kwamba aliyeshika karatasi yangu ni shemeji yako? Na kwamba si kijito tu kilicho hatarini, bali hata paa lako?

Mwanao,
Ambokile


Matiri
11 Septemba 2024

Mwanangu,

Sasa ndiyo umeandika barua. Ile ya kwanza ilikuwa ya mgeni, ya pili ilikuwa ya ofisi. Hii nimeisoma mwenyewe, sikumpa Otilia.

Umeniuliza kwa nini nilificha. Nilificha kwa sababu nilitaka kuandika "mlima wetu" na kalamu yangu ikaona haya. Nilijua ukiuliza vizuri utaambiwa mimi si wa huku, na pengine ungesema, kumbe huyu mama naye anatetea kisicho chake. Nilitaka mtu mmoja aamini kwamba Litimbe ni kwangu, hata kama ni mtu wa Tukuyu.

Niliolewa hapa nikiwa na miaka ishirini na miwili. Mshenga aliniambia nikipanda kileleni nitaliona ziwa na moshi wa kwa mama yangu. Wiki ya kwanza nikapanda. Sikuona ziwa, niliona milima mingine, na nyuma yake mingine. Nililia pale juu, Egidi akanikuta, akasema, "Basi tupande miti, angalau upate kitu cha kuangalia." Nusu ya ile miti uliyoita pori ni sisi tuliipanda, mwerezi kwa mwerezi. Egidi alipofariki, mwaka wa kumi na mmoja sasa, niliendelea. Fulgence amefundisha watoto Songea maisha yake yote. Sijui kama amewahi kufika juu tangu akiwa kijana.

Lakini nisikilize, na hili ni agizo. Ukija Jumamosi, usimtaje Fulgence. Usisome barua yake mbele za watu. Kosa lako liseme, la kwake liache. Yeye ndiye atakayesoma wasifu wangu siku nitakapokufa, na mimi nitalala karibu na kaka yake. Nikishinda mlima nikapoteza watu, nitakaa kule juu na nani?

Njoo umekula. Mikutano yetu haina mwisho.

Mama yako,
Emerensiana


Mbamba Bay
16 Septemba 2024

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuondoka kabla mambo hayajaisha. Kilian alipiga honi mara tatu, na ile ndiyo ilikuwa gari ya mwisho ya kuniwahisha kazini, maana Jumapili nilikuwa zamu. Niliondoka Fulgence amesimama, anasafisha miwani, na watu wote wamemgeukia. Jana nimepiga simu yako mara tisa. Nimemuuliza Kilian, anasema umemkataza kusema, eti unataka kuandika mwenyewe.

Nikisubiri, nimeanza kazi niliyopaswa kuifanya mwanzoni. Jana jioni, baada ya zamu, nilikwenda chini ya kilele namba tisa, huku huku Nyasa, nikabisha hodi nyumba ya kwanza. Nilikaa saa mbili. Kina wenyewe, Mama, tena wawili, na wamegombana mbele yangu kuhusu nani alitangulia kunikaribisha.

Tafadhali andika upesi. Umeshinda au tumepoteza?

Mwanao,
Ambokile


Matiri
22 Septemba 2024

Mwanangu Ambokile,

Marahaba, mwanangu, marahaba. Simu niliiona inalia pale mbele ya kanisa, nikaiacha. Mambo mengine ukiyasema kwa simu yanakwisha na salio.

Uliposimama na kusema "Nilikosea, sikumuuliza mtu," watu wa nyuma walisimama wakuone. Sisi hapa tumeona wataalamu wengi. Wanakuja, wanapima, wanaondoka, na kosa linabaki kuwa letu. Hatujawahi kuona mmoja akirudi kulichukua la kwake. Mzee Methodi aliyekaa karibu yangu alininong'oneza, "Huyu kijana kwao wamemlea." Nikamwambia na sisi tumechangia.

Ulipokaa, mwenyekiti alisema, basi, kama karatasi imefutwa, kilele kina mwenyewe, na mwenyewe ni ukoo wa Hyera. Akamuuliza Fulgence, kama mkubwa wa ukoo, aseme ukoo unakitoa au hautoi. Hapo ndipo ulipomwacha anasafisha miwani. Alisafisha, mwanangu, mpaka nikamwonea huruma. Kisha mtu wa kampuni akafungua ramani yake, akamwomba kwa upole, "Mwalimu, tuoneshe tu mpaka wa juu unapita wapi, na chemchemi ya kijito iko upande gani, tusije tukajenga juu yake."

Fulgence aliinama juu ya ramani. Aliweka kidole, akakiondoa. Akakiweka kwingine. Watu wanasubiri, kuku wanapita katikati ya mkutano. Mimi nilijua chemchemi iko wapi kama ninavyojua mdomo wangu ulipo, lakini sikusema, kwa sababu sikutaka kumwaibisha, na kwa sababu mkutanoni sikuwahi kusema. Miaka arobaini na tano nimekuwa wa kupika chai ya mikutano hiyo.

Akaniangalia. Kisha akaikunja ile ramani taratibu, akamrudishia mwenyewe, akasema kwa ile sauti yake ya darasani, "Mimi sipajui. Kaka yangu alipajua, na sasa anayepajua ni shemeji. Muulizeni yeye kama anatoa."

Otilia alinisukuma mgongoni. Nikasimama. Nikasema, "Sitoi." Neno moja tu, Ambokile. Nilikuwa nimeandaa hotuba tangu Agosti, yenye Egidi, na miti, na Bikira Maria, yote ikanikimbia. Watu wakacheka, kisha wakapiga makofi, na mtu wa kampuni naye akacheka, akaweka ramani yake kwapani akasema asante kwa chai.

Fulgence alikuja kwangu jioni yake. Hakuomba msamaha, walimu hawajui. Aliomba nimpandishe kileleni siku moja, polepole, kwa sababu ya magoti. Nimesema ndiyo. Tulikaa nje tukanywa kahawa, na nilishukuru kwamba ulinitii ukanyamaza, maana yangebaki maneno kati yetu, na sasa hayapo.

Kwa hiyo sahihisha namba nne. Andika pia kwamba mpandaji apite kwanza nyumbani aseme hodi, anywe kahawa, na akishuka abebe mzigo wa nyasi, kwa sababu mgongo wangu si wa zamani. Wakija wengi, nitafurahi. Sikukataa wageni, nilikataa kuambiwa sipo.

Lakini kabla hujachapa, kuna jambo la mwisho. Mwisho wa mkutano, katibu alikuwa anaandika muhtasari, akafika mahali pa jina la msimamizi wa ntambo. Akasema, "Mama, jina kamili." Nikamwambia mke wa marehemu Egidi Hyera. Akasema, "Hilo ni la mzee. Nataka lako." Nikamwambia Mama Tadea. Akasema, "Hilo ni la binti yako." Nikasimama pale na leso yangu mkononi, na nakuapia, nilitafuta. Tangu niolewe hakuna mtu aliyeniuliza jina langu na la baba yangu. Watu wote walisubiri, hata Fulgence. Halafu likaja, nikalitamka, na katibu akaniuliza linaandikwaje, nikamtajia herufi moja moja, naye akaandika.

Liandike hivyo hivyo kwenye orodha yako.

Ni mimi, mama yako,
Emerensiana Stephano Nkwera